Mafuta Mazuri ya Ntambwe

Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa pili, 2024

Moyo webe, yaya Domitille,

Kaa kwanza kwenye kiti, hii habari haisomwi umesimama. Mdogo wako Ntambwe ndiye mutu mwenye bahati kuliko batu bote ba Kolwezi, toka Mashamba mpaka Kingamyambo, na mabosi ba migodi uwaweke ndani ya hesabu.

Lakini salamu mbele. Sisi huku tuko wazima. Mvua inanyesha kama imelipwa, matope yanafika kwenye magoti, na mtoto Gloire amepanda darasa, akili alizitoa kwangu. Bibi yangu Mianda anakusalimia sana. Sasa hivi anapika majani ya sombe, harufu inanisumbua nashindwa kuandika vizuri. Na mama yetu? Goti lake linamuacha alale? Mwambie mi nitamletea mbuzi mzima, si miguu tu kama mwaka jana.

Bon. Kuna kampuni moja ndogo inatafuta mutu wa kuwachomea bafanyakazi bake nyama kila Ijumaa. Nani anachoma michopo Kolwezi kama si mi? Lakini banasema, mbele ya kugusa chakula cha batu, upimwe damu. Nikaenda. Nikatoa mkono, sikulia. Munganga akasoma karatasi, akavua miwani, akavaa tena. Akasimama, yaya! Akanipa mkono wake, mutu mwenye digrii mbili. Akasema: "Tata Ntambwe, toka nianze kazi sijaona mafuta mazuri mengi namna hii ndani ya damu."

Maana kumbe mafuta ya damu yako aina mbili, mabaya na mazuri. Yale mabaya kwangu yako kidogo, yanaona haya. Yale mazuri, wanayaita HDL, ukiwa na hamsini unashukuru Mungu. Mi niko na mia moja na nne. Mia moja na nne! Mchezaji wa mpira wa Ulaya hanifikii.

Na siri naijua. Miaka yote nakula mbuzi na ngozi yake, batu banasema nitakufa. Lakini kila sahani nasindikiza na lutuku, ile pombe yetu kali. Wewe unajua chuma changu cha kuchomea, mafuta yakiganda sabuni haiyaondoi. Namwagia lutuku kidogo, napiga kitambaa, kinang'aa. Ndani ya mishipa ni vilevile. Mi ndiye niliyegundua, sasa labo imekubali.

Kuna mstari mwingine chini una nyota pembeni. Nadhani kalamu yao iliteleza.

Barua anakuletea Nkongolo, yule dereva wa lori, kwa sababu simu yangu ina matatizo ya sauti.

Mdogo wako mwenye damu ya mfano,
Ntambwe


Dilolo, tarehe 2 Machi 2024

Kwako mdogo wangu Ntambwe,

Tumepokea barua yako. Nkongolo aliifikisha na tope na yote. Mama yuko salama, goti lake linatabiri mvua vizuri kuliko redio, na anasema huyo mbuzi mzima amemsikia tangu enzi za treni ya makaa ya mawe. Biashara ya mpakani inaenda. Wiki hii samaki wakavu wameingia wengi kutoka Angola, mji mzima unanuka, na sisi tunafurahi. Kule labo ya kituo chetu cha afya bado niko peke yangu na hadubini yenye jicho moja.

Nimefurahi kwamba Mianda anapika sombe.

Sasa tuje kwenye mafuta yako. Sitaki kukuchekea, ingawa nimecheka mpaka mama akaniuliza kuna nini. Nisikilize kwa lugha ya banda lako la nyama.

Mafuta hayatembei peke yake ndani ya damu, kama vile nyama haitoki kwenye moto ikaenda mezani yenyewe. Yanabebwa. Wabebaji wake ni protini, na jiko ni ini. Wako wabebaji wanaotoa mafuta jikoni kwenda kwa wateja. Wako wengine, hao HDL wako, wanaopita chini ya meza kuokota mabaki na kuyarudisha jikoni. Ndiyo maana wanaitwa wazuri.

Pombe ikizidi, jiko linalewa. Linaajiri waokotaji ovyo. Tena kuna protini nyingine ambayo kazi yake ni kuwapokea mizigo njiani, na pombe inaipunguzia nguvu. Basi waokotaji wanabaki wamesimama uwanjani na mizigo kichwani, wamenenepa, na wewe unawahesabu: mia moja na nne! Umehesabu watu waliosimama, Ntambwe. Kazi iliyofanyika hukuihesabu. Wenye kusoma bado wanabishana mengi juu ya hawa wabebaji, lakini jambo moja hawabishani. Mimi nikiona HDL ya namna hiyo kwa mtu anayekula mbuzi na ngozi, sisimami kumpa mkono. Ninamuuliza anakunywa chupa ngapi.

Na lutuku haioshi mishipa. Haigusi hata ukuta wake. Inakwenda moja kwa moja kwa mpishi.

Huo mstari wenye nyota ndio ninaoutaka. Unaitwa triglycérides, mafuta mengine ya damu, si kweli? Niandikie umesema ngapi. Waulize pia kama damu yako ilipotulia kwenye chupa, yale maji ya juu yalikuwa safi au yalikuwa na utando mweupe.

Simu yako haina matatizo ya sauti. Ni ulimi wako ambao saa nane ya mchana unakuwa mzito, na unajua mimi nitausikia. Karatasi haina harufu, ndiyo maana siku hizi unaipenda.

Dada yako,
Domitille


Kolwezi, tarehe 21 mwezi wa ine, 2024

Moyo webe, yaya, mama ya kelele,

Usikasirike nimechelewa, Nkongolo lori lake lilivunjika mguu, na mi nilikuwa na kazi nyingi, mutu maarufu hana nafasi. Pasaka ilipita vizuri, tulikula, tuliimba. Gloire anaongea Kifaransa mpaka mbuzi wananyamaza. Mianda anakusalimia, amekaa hapa pembeni, anashona nguo yangu na kunicheka.

Ile karatasi ya labo nimeiwekea plastiki, nimeipachika juu ya banda, karibu na bei. Yaya, ungeona! Bachimbaji wakitoka kwenye mashimo yao, miili myeupe kwa vumbi, wanasimama wanasoma. Mmoja alisema: "Papa Ntambwe, mia moja na nne ni kilo ama ni asilimia?" Nikamwambia: "Ni heshima." Sasa kila mutu anataka michopo na kikombe cha lutuku, wanaita kipimo cha munganga. Mama mwenye kuuza lutuku ameniletea kuku wa shukrani.

Umeniuliza mstari wa nyota. Ni elfu moja, mia moja na themanini. Sikuogopa, kwangu namba kubwa ni namba kubwa. Na ile chupa infirmier, yule muuguzi, alinionyesha. Akasema: "Tata, angalia." Nikaangalia. Juu ya damu kulikuwa maziwa! Meupe kabisa, ungetia ndani ya chai. Nikamwambia, unaona, wengine wana maji, mi nina maziwa. Hakucheka. Bale batu ba hopitali hawana mchezo.

Lakini nimesoma maneno yako, hata kama yameandikwa kwa hasira. Ile habari ya mpishi mlevi ilinikaa. Basi sikia: nimeacha. Toka Pasaka, kabisa kabisa, sigusi hata kiloko, hata tone moja. Isipokuwa matanga, kwa sababu kwenye matanga ukikataa kikombe, banasema wewe ndiye uliyemuua. Na mwezi huu batu bamekufa wengi.

Mianda anasema aksanti kwa kunisemesha. Machozi ya furaha yalimtoka.

Mdogo wako aliyeokoka,
Ntambwe


Dilolo, tarehe 27 Aprili 2024

Ntambwe,

Mama anakusalimia. Mianda pia anakusalimia.

Ndiyo, Mianda. Yuko hapa. Alifika na Gloire mwanzoni mwa Februari, kabla hata ya barua yako ya kwanza, akiwa na sufuria mbili na godoro. Nilimpelekea hiyo barua mkononi alipokuwa anauza sabuni sokoni. Alisoma kwamba anapika sombe Kolwezi, akaangalia sabuni zake, akasema, "Kumbe niko huko, basi huku ni nani?" Tulicheka mpaka wanunuzi wakaja kuuliza. Ile ya pili hakucheka. Pale ulipoandika machozi ya furaha, alinirudishia karatasi na kwenda kuchota maji, na mapipa yalikuwa yamejaa.

Nilinyamaza kwa sababu aliniomba ninyamaze. Alitaka kuona utakaa muda gani na bibi wa karatasi.

Sasa nakwambia kama mtu wa labo, utani weka pembeni. Elfu moja mia moja na themanini, na maziwa juu ya chupa, maana yake damu yako imejaa mafuta ambayo jiko linamwaga na wabebaji hawamalizi. Kuna kongosho, liko nyuma ya tumbo. Mafuta yakifika hapo juu, linaweza kuwaka moto siku yoyote, na mtu anakufa nalo akiwa bado anasema mzaha. Shusha hiyo karatasi bandani. Hao vijana wanakuamini.

Mianda hatarudi kwa ahadi. Ahadi zako anazo za kutosha kufungua duka. Anataka damu. Ukiacha pombe kweli, hiyo namba yako ya kujivunia itashuka, maana jiko litaacha kuajiri ovyo na mizigo itapokelewa tena. Yule mwenye nyota atashuka naye. Ini likichoka kabisa HDL inashuka vilevile, kwa hiyo nataka karatasi nzima, na vipimo vya ini, si mstari unaoupenda wewe.

Na usiache pombe peke yako nyumbani kwa siku moja. Mtu aliyekunywa kama wewe akikata ghafla mwili unaweza kumgeuka, akatetemeka, akaanguka kifafa. Nenda hopitali, waambie ukweli, wakulaze, wakupe dawa. Hiyo ndiyo njia.

Dada yako anayekupenda, ingawa leo kidogo,
Domitille


Kolwezi, tarehe 16 mwezi wa sita, 2024

Moyo wenu, yaya, mama, na wewe Mianda unayesoma nyuma ya bega,

Mulinipata. Mi nilifikiri nawadanganya ninyi, kumbe ninyi mulikuwa munakula sinema bila tiketi. Mianda, nisamehe ile sombe. Nilikuandika hapa kwa sababu nyumba bila wewe inarudisha sauti, nikikohoa inakohoa. Gloire, papa yako anakuwekea pembe ya mbuzi mweupe.

Baridi ya mwezi wa sita imeingia, makala, makaa ya kuchomea, yamepanda bei, asubuhi nachoma nyama nikijichoma na mi. Karatasi nimeshusha. Bachimbaji walilalamika kama nimefunga kanisa. Kampuni ile ya Ijumaa ilichukua mutu mwingine, anachoma samaki, Mungu amsaidie.

Sasa fungua bahasha, angalieni ile karatasi mpya. Damu ilitolewa wiki iliyopita, jirani yangu Ruffin, muuza unga wa bukari, alikwenda labo na mi, tulikaa wote mpaka mwisho. Angalieni! HDL hamsini na mbili. Yule mwenye nyota, tisini na sita, na nyota yenyewe imekimbia. Ini, safi. Maziwa hakuna, maji ya juu yanaonyesha mpaka upande wa pili.

Yaya, inauma kidogo kupoteza mia moja na nne. Nilikuwa bingwa, sasa niko kama batu bote. Lakini kwa ajili ya Mianda nakubali kuwa na damu ya kawaida. Kuna mwanaume gani mwingine Lualaba ameshusha mafuta yake mazuri kwa sababu ya mapenzi?

Nimepaka chokaa chumba. Nimenunua godoro. Njoo, bibi yangu.

Ntambwe, mutu mupya


Dilolo, tarehe 23 Juni 2024

Mdogo wangu Ntambwe,

Nkongolo hakuzima hata lori, aliita jina langu toka barabarani. Mama alicheza na goti lake baya. Mianda aliikunja karatasi yako mara nne na kuiweka kifuani, halafu jioni nikamkuta anafua nguo zote, hata zile safi. Gloire anaaga marafiki mmoja mmoja kama balozi. Watapanda treni mwanzoni mwa mwezi wa saba, treni ikitaka.

Karatasi niliiomba tena, nikaiangalia muda mrefu. Ni karatasi nzuri sana. Ni damu ya mtu ambaye ini lake halijawahi kusumbuliwa.

Nina maswali madogo. Ulilazwa hopitali gani? Mikono ilikutetemeka siku ya pili? Ulitoka jasho, uliota ndoto mbaya, ulitapika? Mtu akitoka kwenye lutuku ya miaka hiyo, hicho ndicho anachokiandika kwanza, na wewe huwezi kuumwa hata jino bila kulitungia wimbo. Umeandika makaa, umeandika chokaa, umeandika samaki wa mtu mwingine. Hilo hukuliandika.

Mianda sijamwambia kitu. Anaimba, na nilikuwa sijamsikia akiimba tangu afike.

Nijibu kabla ya treni.

Domitille


Kolwezi, tarehe 28 mwezi wa sita, 2024

Yaya Domitille,

Moyo webe. Mwandiko huu usiucheke, mkono unakwenda wapi unataka, mi naufuata. Niko hopitali. Usipige kelele, sijafa, na kitanda changu ndicho chenye dirisha.

Barua yako nilisomewa na Nkongolo mwenyewe pale bandani, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa moshi, na kikombe kilikuwa mkononi. Alipofika kwa Mianda anaimba, alisimama. Akaniangalia. Akasema: "Papa, huyu mwanamke nikimpokea stesheni, nimuonyeshe nini?" Sikuwa na mzaha hata mmoja. Mi, yaya! Nilitafuta, nikakosa.

Nilimwaga kikombe kwenye makala, moto ukaruka, nyusi zangu zikaenda. Tukacheka wawili. Halafu jioni tumbo likanishika hapa, likatokea mgongoni, kama mutu anageuza kisu polepole. Nkongolo akanipakia juu ya lori lake, kati ya magunia ya chumvi. Munganga ni yule yule. Ametoa damu, ametoa chupa, amenionyesha: maziwa. Mazito kuliko ya kwanza. Amesema kongosho limeanza kuvimba, na kwamba nimefika kabla ya moto kushika nyumba. Sili kitu, nina mpira wa dawa kwenye mkono. Natetemeka, kitanda kinatembea na mi ndani, jirani yangu wa chumba anasema nitalipa nauli. Usiku niliona mbuzi wote niliowachoma, wamepanga foleni, kila mmoja anadai ngozi yake. Sasa nimekuandikia, umeona? Nimetungia wimbo.

Ile damu ya hamsini na mbili si yangu. Ni ya Ruffin. Mutu wa kanisa, hata kahawa hanywi. Nilimwambia ni kwa ajili ya kuokoa ndoa, akatoa mkono akilia, na toka siku hiyo hapiti mbele ya banda langu bila kukimbia. Nilitaka Mianda apande treni kwanza, halafu nitaacha akiwa njiani. Niliona ni hesabu nzuri. Mutu mwenye akili zake alipata wapi hesabu ya namna hiyo? Lutuku ndiyo ilinifanyia hesabu.

Mpe Mianda barua hii asome yote, usimrukishie mstari. Asipande treni kwa sababu ya damu ya Ruffin. Kama atapanda baada ya kusoma, ajue anakuja hopitali, kwa mutu anayetetemeka, ambaye munganga anasema atakaa hapa, halafu atarudi kupimwa kila mwezi, na safari hii mkono utakaotobolewa ni wangu. Kama hatapanda, sitaandika kwamba yuko hapa. Chokaa kweli nilipaka. Godoro sikununua.

Kwa simu nisingeweza kukwambia haya. Ningepata uongo mwingine kabla hujamaliza kusema alo.

Na jambo la mwisho. Siku ile ya kwanza munganga hakusimama. Hakunipa mkono, hakusema sijaona mafuta mazuri namna hii. Alisema: "Tata, hii namba ni pombe inasema, acha au utakufa," na mi nikaiomba karatasi, nikatoka, nikaenda kunywa. Hakuna bahati yoyote. Mi ni mulevi, yaya.

Ntambwe